Kabati la Sekunde Tatu

Nilipotua Maskati na begi moja na stashahada yangu ya ufundi wa mitambo, jamaa zangu waliotangulia walisema sitamaliza mwaka. Kiarabu changu, walisema, kilitosha kuombea dua tu, na stashahada ya Dar es Salaam huku ni karatasi ya kufungia maandazi. Mmoja aliapa kwamba siku nitakayojenga nyumba Qurum, mtaa wa wakubwa, yeye ataingia kwa kutambaa. Nyumba nimejenga, ina vyumba saba, na jamaa huyo huja kila Ijumaa kwa miguu yake miwili, akala wali wangu bila haya. Mzee mmoja tu hakuwa nao katika ubishi ule. Alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia akasema, "Huyu atafika, na akishafika hatutapumua." Mzee huyo amefariki Jumatatu asubuhi nyumbani kwake Ansab, akisubiri kahawa yake ipoe. Mimi ambaye kweli sikumwacha apumue, nimeona safu ya leo iwe yake.

Alizaliwa Unguja, akaja huku kijana, akawa fundi wa silaha jeshini mpaka alipostaafu. Bunduki alizijua kama mama ajuavyo vikohozi vya wanawe. Alipostaafu hakuacha kazi, ila alihamia majumbani kwetu. Mnajua desturi yetu: bunduki ya babu ni fahari ya majlisi, sebule ya wageni, na mgeni huisifu kabla hajaisifu kahawa. Siku hizi wengi tumeiteremsha ukutani kwa ajili ya watoto, na kibali chake tumekiweka kwenye faili. Basi mzee alikuwa akinywa kikombe cha kwanza, akiuliza hali, kisha akitupia, "Na ile ya marehemu baba yenu mmeiweka wapi?" Mwenye nyumba hujibu kwa tabasamu, "Imefichwa, Ami. Watoto hawajui." Hapo mzee humwita mtoto mdogo kuliko wote, akamuuliza kwa upole, kwa jina la kubembeleza, "Babu, bunduki iko wapi?" Mtoto humshika kidole akampeleka moja kwa moja: chini ya godoro, nyuma ya mabuibui ya mama, au juu ya kabati ambapo kiti cha kupandia kimeshasogezwa zamani. Mtoto hakumkaripia kamwe. Humgeukia baba akasema, "Mlinzi wako huyu hapa. Muulize na risasi ziko wapi." Kuna nyumba alikuwa akibisha hodi, watu wananong'onezana waseme hawapo.

Mimi si mtu wa chini ya godoro. Nilinunua kabati la chuma nene, nikasoma kitabu cha maelekezo chote, jambo ambalo naapa hakuna katika ukoo wetu aliyewahi kulifanya, nikalifunga ukutani chumbani kwangu kwa bolti nne kwa mkono wangu mwenyewe. Lilikuwa la vitufe vya namba, na mwenyewe nilikuwa nalifungua kwa sekunde tatu. Sifa zikaenea. Jamaa sita wakaniomba niwachagulie kama langu, nikawachagulia, nikawafungia, na nikawapa na ushauri wa bure: "Tieni namba ya gari. Hata ukishtuliwa usingizini hutaisahau." Wasomaji wa hapa hawahitaji kuelezwa zaidi. Katika mji huu ambao hata mkate hufuatwa kwa gari, namba ya gari ndiyo uso wa mtu, na yangu ya tarakimu nne niliipigania mpaka nikaipata.

Mzee alipokuja, nilimpeleka chumbani kabla hata hajavua kofia. "Ami, toa saa yako unipime." Akatoa, nikabonyeza, mlango ukafunguka. "Mashaallah, Bwana Diploma," akasema. "Na haraka yote hii ya nini?" Nikamwambia ni ya mwizi. "Mwizi gani wa Qurum? Huku hata paka anakuja kwa gari." Akalifunga tena. "Haya. Nna ombi moja tu. Niitie yule bibi mdogo."

Binti yangu wa mwisho, wa miaka saba, akaja na andazi mkononi. Mzee akachuchumaa. "Bibi, baba yako anapenda namba gani kuliko zote duniani?" Hakufikiri hata kidogo. Alizitamka tarakimu nne kwa sauti yangu mimi, kidevu juu, kama ninavyozitamka harusini. "Hebu mfungulie babu." Akabonyeza mara nne, kabati likalia, mlango ukaachia. Bunduki ilikuwa imesimama pale, na kwenye rafu ya chini, usawa wa kifua cha mtoto, kisanduku cha risasi, kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe karibu. Alikuwa ameshainua mkono, lakini kiganja cha mzee kilikuwa kimetangulia mlangoni. "Nimeshinda?" akauliza. "Umeshinda, bibi. Nenda kwa mama akupe halwa." Mama mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni. Alimchukua binti, na wali wa siku ile nilijipakulia mwenyewe. Mzee akatazama saa yake. "Wewe sekunde tatu," akasema. "Yeye kachukua nne, na ana andazi mkononi."

Siku ile aliniketisha kama mwanafunzi. Kabati linalofunguka haraka kwako, alisema, litafunguka haraka kwa yeyote anayekujua, na nani anakujua kuliko mtoto anayekusikiliza kutwa? Haraka iwe mkononi mwako kwa mazoezi, isiwe katika wepesi wa namba. Aliniandikia tarakimu kwenye vikaratasi, nikaokota nikiwa nimefumba macho, nikavizoeza vidole mpaka vikazijua gizani. Risasi zikahamia sanduku jingine, chumba kingine, kufuli jingine. Zamani, alisema, bunduki ilining'inia ukutani ikawa salama kwa kuwa nyumba ilijaa shangazi na bibi, na mtoto hakuweza kuvuta hata kiti bila ya kuulizwa. Leo tuna majumba makubwa, mlango wa kila chumba umefungwa, na mtoto yuko peke yake huko ndani na akili zake.

Kabla hajaondoka akauliza, "Na yale sita uliyowafungia wenzako?" Nikamwambia nitawaambia. Akataka majina aende yeye, nikakataa. Tangu siku ile kila tulipokutana, msikitini au mbele ya duka la samaki, salamu yake ilikuwa moja: "Umeshawaambia?" "Bado, Ami. Watanicheka." "Wacheke. Mtoto akiwawahi, hatacheka mtu." Nikaahidi baada ya Ramadhani. Nikaahidi baada ya Idi. Nikaahidi baada ya harusi ya mwanangu, na harusi ikapita. Nyumba sita zenye watoto zililala hivyo, kwa sababu mimi sikupenda kuchekwa.

Jioni ya pili ya azaa, matanga ya mzee, ukumbi ulijaa, na jamaa zangu sita walikuwa wameketi ukuta mmoja. Mmoja wao akanichokoza, "Wewe Diploma, mzee alikupenda. Tueleze alikufundisha nini, au ulimfundisha wewe?" Nikaeleza yote, pamoja na andazi. Walicheka mpaka vikombe vikatikisika. "Mtoto wa miaka saba!" akalia yule yule, akifuta machozi. "Kamshinda msomi!" Nikangoja amalize. "Na kabati lako wewe," nikamuuliza, "namba nani alikushauri?"

Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Akatazama saa, akainuka, akaanza kutafuta viatu. Wa pili akamfuata, kisha wa tatu, na wote sita wakatoka hata kahawa ya kuagia hawakunywa, na nje nikasikia magari yakiwashwa kwa pamoja. Mtoto wa marehemu akaja kunijazia kikombe. "Wamekasirika, Ami?" "Wameelimika, mwanangu," nikamjibu, nikanywa.

Usiku huo nilipigiwa simu sita na watu waliokuwa wakibadili namba, na zote zilikuwa za matusi, alhamdulillahi. Mwenye kujisifu huigwa, na kosa lake huigwa pamoja naye mpaka nyumba ambazo hajaziona. Ukiutangaza ujuzi wako kwa sauti kubwa, utangaze na upotofu wake kwa sauti ile ile, na uutangaze siku unapoujua, maana kuna watoto wa watu wamelala karibu nao.