Kucha Zilizoteka Maji

Jumamosi, tarehe kumi na mbili Aprili. Mvua ya masika imeanza kabla ya adhuhuri, ikakatika, ikaanza tena.

Udongo wa uani ulipolowa ulitoa ile harufu yake, nami nilikuwa nimekaa barazani nikimkata kucha Mamdogo Salima, mdogo wake marehemu mama. Amezeeka, macho hayamsaidii tena. Harufu ile ilinipeleka mbali, nikajikuta nimekishika kidole gumba chake na sikati, nakiangalia tu. Ukucha mgumu, umeinuka mgongo kama kucha za watu wote. Zamani haukuwa hivyo.

Nilikuwa na miaka minane, labda tisa. Tulikaa Temeke, nyumba ya miti na udongo, bati juu. Mume wa Mamdogo alikuwa bwana shamba, serikali ilikuwa imempeleka kijiji cha ujamaa huko Rufiji, na yeye akaja kwetu na mimba yake ili asijifungulie mbali na hospitali. Alikuwa anakula udongo. Aliumega ukutani, kwenye kona ya chumba chake, na mvua ikinyesha ndiyo hajiwezi kabisa kwa ile harufu, anatoka na kipande kwenye pindo la khanga. Mama alimcheka tu. Wenye mimba wengi walikula udongo, hakuna aliyeshangaa.

Mie nilichoshangaa ni kucha. Zilikuwa nyeupe, nyembamba, tena zimebonyea katikati na kingo zimeinuka. Siku moja akiosha vyombo niliona tone la maji limekaa juu ya ukucha wa gumba, limetulia kama maji kwenye kijiko. Nikafurahi mno. Ikawa mchezo wetu: nachovya kidole kwenye ndoo, namdondoshea tone, naye anatembea toka jikoni mpaka mlango wa mbele bila kulimwaga. Watoto wa jirani walikuja kutazama. Wakajaribu kwenye kucha zao, maji yakateleza. Nilijivuna, maana hakuna aliyekuwa na mamdogo kama wangu.

Sasa niseme habari ya maini. Baba alifanya kazi machinjioni, na kila Ijumaa alirudi na kipande cha maini kimefungwa kwenye gazeti, wino umehamia kwenye nyama. Mama aliyakaanga kwa kitunguu na ndimu. Alikula baba, nikala mie. Nilikuwa nimeugua surua nikabaki mifupa, na mama alikuwa ameapa damu yangu itarudi. Mamdogo alipewa mchuzi.

"Ukila maini na mimba hiyo mtoto atajaa, utapasuliwa," mama alimwambia.

Haukuwa uchoyo, na sitaki mtu amdhanie hivyo. Aliyaamini maneno hayo, na yeye mwenyewe alipokuwa na mimba yangu hakuyagusa maini.

Siku ya kliniki nilimsindikiza Mamdogo. Nesi alikuwa mama mnene, mchangamfu, anampima tumbo huku anapiga soga na waliokaa kwenye benchi. Hina ya Idi ilikuwa bado kwenye kucha za Mamdogo, weupe hauonekani. Nikaona nesi anapitwa na jambo zuri.

"Shikamoo nesi. Kucha za mamdogo zinateka maji."

"Marahaba. Zinateka maji? Basi mpelekeni kwetu, bomba letu limekauka."

Akina mama wakacheka. Nikachovya kidole kwenye beseni lake, nikadondosha. Tone likakaa. Nesi akaacha kucheka. Alimfunua Mamdogo kope ya chini, akatazama, akamwambia atoe ulimi.

"Ukibeba ndoo moyo unakwenda mbio?"

"Kidogo."

"Udongo unakula?"

Mamdogo akalikunja pindo la khanga yake.

"Anakula," nikasema mie.

"Dada, damu huna. Kucha zikibonyea hivi ndiyo zinasema hivyo. Nyumbani kwenu maini hayapatikani?"

"Yanapatikana kila Ijumaa," nikadakia, maana niliona tunadharauliwa.

"Anakula nani?"

"Baba. Na mie."

Nesi akavuta kadi ya Mamdogo, akaandika.

Mamdogo alipewa vidonge vya damu. Njiani hakunigombeza, alinishika mkono tu, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Mama alipoelezwa maneno ya nesi alikaa kwenye kibao cha mbuzi muda mrefu bila kukuna nazi. Ijumaa iliyofuata alimpakulia Mamdogo maini kwanza, mie nikapata mchuzi. Nilikaa mbele ya Mamdogo nikimfuatia kila tonge, kama paka. Alikula, akabakisha kipande kimoja, akakisogeza ukingoni mwa sahani.

"Nimeshiba mie," alisema. Mama alikuwa amegeukia jiko. Nikakila.

Ikawa hivyo kila Ijumaa mpaka alipojifungua.

Mtoto alikuja mdogo lakini mzima. Mamdogo ndiye aliyetoka damu nyingi. Siku zile wazazi wangu walikuwa wakienda hospitali na kurudi, nami nilikuwa naingia chumbani kwake kutazama lile shimo alilolimega ukutani. Alipona, lakini polepole sana. Kucha nazo zilinyooka polepole, mpya ikitokea chini na kuisukuma ile ya zamani.

Nilikuwa mtu mzima, na mimba yangu mwenyewe, nilipoelewa kwamba tulichokiita mchezo kilikuwa ugonjwa wake, na mie nilikuwa nawaita watoto waje kuuona. Hilo najisamehe, sikujua. Vile vipande vya maini sijui nivifanyeje. Huenda havikuwa kitu, vidonge ndivyo vilivyomponya. Lakini nesi nilikuwa nimemsikia kwa masikio yangu, na bado nilikaa pale kila Ijumaa nikingoja ashibe.

Leo nikamuuliza. "Mamdogo, unayakumbuka maini ya Ijumaa?"

"Maini yapi? Mie maini siyapendagi tangu zamani. Kata kucha mwanangu, mvua hiyo inarudi."

Nikakata.

Jioni tumekula ugali, mchicha na maini ya kitunguu. Mamdogo ameyamaliza yake yote, akaomba ndimu, akafuta bakuli kwa tonge la mwisho.