Dakika Saba za Mzee Heng

Kwa miaka thelathini na minne Ngiam Swee Hong alikuwa akiwachemshia watu mayai, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupata wateja wawili wanaotaka yai la namna moja. Huyu anataka ute uwe mweupe na laini kama tofu, kiini kitiririke. Yule akiona kiini kinatiririka anakunja uso na kusukuma kisahani. Mama wa duka la dawa anataka la kwake liachwe kidogo zaidi, halafu likiletwa anauliza kwa nini limekauka. Wote wanasema vilevile: nusu mbichi tu, Anti, kama kawaida. Kawaida ya nani, hawasemi.

Hakuzaliwa kwenye kazi hiyo. Kabla ya kuolewa alikuwa fundi cherehani wa sare za shule kule Kamunting, Malaysia, na alikuwa fundi hasa, wa kukata kola kwa jicho bila chaki. Kisha akaolewa na Heng Chee Kuan, ambaye baba yake alikuwa na mkahawa wa kahawa jirani na soko la mji wa Taiping. Wiki ya kwanza tu ya ndoa mama mkwe akamkabidhi makopo kumi na mawili ya bati yenye mifuniko, akamwonyesha ukuta juu ya jiko. Baba mkwe, Mzee Heng, alikuwa ameandika pale kwa rangi nyekundu: Mayai, dakika saba. Maji yakishachemka yanatolewa motoni, yanamiminwa ndani ya kopo lenye mayai mawili, mfuniko unawekwa, saa inatazamwa. Basi. Mzee mwenyewe alifariki baada ya miaka sita, lakini maandishi yalibaki, na kila Mwaka Mpya Chee Kuan hupanda kwenye kiti kuyapaka rangi upya.

Tena Swee Hong mwenyewe hapendi yai nusu mbichi. Likimtetemekea kwenye kisahani linamtia kichefuchefu. La kwake hulichemsha mpaka likakauka, akalila na uji akiwa amesimama, wateja wakishapungua.

Mambo yaliharibika Jumatatu moja ya mwezi wa Novemba. Muuza mayai wa siku zote, aliyeyaleta kwenye kapu nyuma ya pikipiki, alikuwa ameacha kazi na kuhamia kwa mwanawe Ipoh. Badala yake Chee Kuan akapatana na msambazaji mpya mwenye gari la friji. Mayai yakafika alfajiri, masafi, yamepangwa vizuri kwenye trei, na yanatoka jasho. Swee Hong aliposhika la kwanza, baridi ilimpanda mpaka kwenye kiwiko. Akamwambia mumewe papo hapo kwamba haya hayaivi kwa dakika saba, yanahitaji tisa, pengine kumi. Chee Kuan alikuwa ameinamia chujio lake la kahawa. Akamjibu kwamba baba alisema saba.

Kungekuwa na mpango mwingine wa kazi, angeyaacha makopo yakae muda anaotaka yeye, mambo yakaisha. Lakini pale mkahawani mke huweka mayai na mume huyapeleka mezani. Chee Kuan ana jicho moja kwenye kahawa na jingine kwenye saa ya ukutani, na mshale ukigusa dakika ya saba anabeba makopo, hata mke awe ameweka kiganja juu ya mfuniko. Jumatatu ile alimwondoa mkono mara tatu. Kisha wateja walipopasua mayai yao na kukuta maji matupu, hawakumwita Chee Kuan. Walimwita Swee Hong.

Aliyerudisha mengi kuliko wote alikuwa Mista Devarajan, karani mstaafu wa reli, mzee wa miaka sabini na minne ambaye kila siku saa moja kasorobo hutoka matembezini kwenye bustani ya ziwa na kuketi meza ya karibu na mlango. Ni mtu mstaarabu. Hapandishi sauti. Hukinyanyua tu kisahani kwa vidole viwili, akangoja. Jumatatu alikinyanyua mara moja, Jumanne mara mbili, na kila mara Swee Hong alikwenda, akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, akarudi jikoni akamweleza mumewe upya habari ya ubaridi. Chee Kuan akamwambia asitafute visingizio.

Jumatano mvua ilinyesha tangu alfajiri na mkahawa ukajaa. Mista Devarajan alirudisha mayai ya kwanza. Ya pili yalipofika akayapasua, akatazama ndani ya kisahani, akasema kwa upole, "Bosi, haya mayai yanaogelea."

Watu wakacheka kidogo. Labda yangeishia hapo. Lakini Chee Kuan naye alitaka kuwachekesha wateja wake, akapaza sauti kutoka kwenye kahawa: "Msameheni mke wangu, jamani. Anazeeka. Mkono umeanza kusahau."

Safari hii walicheka sana.

Swee Hong alisimama alipokuwa. Alikuwa ameshika kopo kwa mkono huohuo uliosemwa. Akaliweka chini. Akavua aproni, akaikunja mara nne kama sare inayosubiri mwenyewe, akaiweka kaunta. Akanawa mikono. Kisha akazunguka upande wa wateja, akavuta kiti mkabala na Mista Devarajan, akaketi.

"Chee Kuan," akasema, "niletee mayai mawili. Na kahawa, maziwa kidogo."

Mumewe alidhani ni mzaha, akaendelea kuchuja. Dakika zikapita, maagizo yakarundikana, mke hakunyanyuka. Hapo akaelewa, akahamia kwenye mayai mwenyewe, akijigonga huku na huku kama mgeni katika jiko lake. Akaweka mawili, akamwaga maji, akafunika, akakodolea saa. Saba zilipotimia akayaleta na kuyatua mezani kwa kishindo kidogo.

Swee Hong alilipasua la kwanza kwa kijiko. Ute ukamwagika mwembamba, wa rangi ya maji ya mchele. Akakirudisha kisahani.

"Hayajaiva."

"Yamekaa dakika saba."

"Nimesikia. Hayajaiva."

Mara ya pili alijaza makopo manne kwa mkupuo ili kuwahi foleni, akaongeza dakika moja kwa siri, zikawa nane. Hayakuiva vilevile, wala ya meza nyingine hayakuiva. Sasa visahani vilianza kunyanyuliwa kila upande. Mama wa duka la dawa aliuliza kama leo ni sikukuu ya wapishi. Mista Devarajan, ambaye moyo ulikuwa umeanza kumsuta, aliinama na kumwambia Swee Hong kwamba kwa kweli yeye angeweza kula mkate tu, hakukuwa na haja. Swee Hong akamwambia anywe kahawa yake. Akainywa.

Mara ya tatu Chee Kuan alichukua yai kwenye trei, na safari hii mkono ukasita. Akaligeuza. Akalibandika shavuni, akabaki nalo hapo muda mrefu huku birika likipiga mluzi nyuma yake. Akatazama maandishi ukutani. Kisha akalileta lile yai mezani kwa mkewe, bichi kama lilivyo.

"Ni ya baridi," akasema.

"Nilikuambia Jumatatu. Jana nikakuambia. Leo asubuhi nimekuambia ukiwa umeshika chujio."

"Sikusikia."

"Ulisikia. Ulinijibu."

Akaligeuza tena yai kiganjani. Kisha akasema, kama anayejitetea kwa mtu mwingine asiyekuwepo, "Baba aliandika saba."

"Baba yako alikuwa analishika yai kwanza," alisema Swee Hong. Sauti yake haikupanda, lakini meza za karibu zilikuwa zimeacha kutafuna. "Miaka sita nilisimama pembeni yake. Analishika, analipima kiganjani, ndipo anamwaga maji. Siku za mvua aliyaacha yakae zaidi. Hilo hakuliandika, maana hakujua kama kuna mtu atahitaji kuambiwa."

Chee Kuan alirudi jikoni. Akaweka mayai, akavuta kiti akaketi akiipa saa mgongo, akangoja huku ameweka kiganja juu ya mfuniko. Yalikaa karibu dakika kumi. Yalipokuja, ute ulikuwa mweupe, umeshikana, na kiini kimekaa kizima katikati. Swee Hong akatia mchuzi wa soya na pilipili manga nyeupe, akayala yote mawili mpaka mwisho mbele ya watu, ingawa si chakula chake. Mista Devarajan aliuliza kama na yeye angeweza kupata kama hayo. Akaambiwa amwulize mpishi.

Siku ile Swee Hong hakurudi jikoni. Alikunywa kahawa yake, akachukua mwavuli, akaenda zake nyumbani saa tatu asubuhi kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Jioni Chee Kuan alimpigia simu msambazaji, akataka mayai yawe yanaletwa siku moja kabla, na ya kesho yaje jioni ileile, akayatandaza kwenye mikeka ya mianzi yapoteze ubaridi. Kuhusu yale maneno yake hakusema kitu, na mkewe alilala amempa mgongo.

Alhamisi asubuhi Swee Hong alikuja kazini kama kawaida, maana makopo hayajioshi. Chee Kuan alibeba mayai ya Mista Devarajan, akayaweka mezani, akaganda pale. Akaguna. Akasema chini chini kwamba yale aliyosema jana kuhusu mkono wa mke wake yalikuwa makosa.

Mista Devarajan, ambaye sikio lake la kushoto lina matatizo, akamtaka arudie kwa sauti.

Ikabidi arudie. Mkahawa mzima ulisikia, hata mwenye duka la baiskeli upande wa pili wa barabara alinyanyua kichwa. Swee Hong alikuwa anapanga makopo na hakugeuka. Alingoja mumewe arudi kaunta, masikio yamemwiva, ndipo akamwambia kwamba makopo ya maziwa yamebaki mawili tu, aongeze kabla ya Jumamosi.