Prosesa Yenye Nukta Nyekundu

Saa kumi na dakika arobaini jioni, Jumamosi, skrini ilizimika fainali ya gemu ya mpira ikiwa katika kipindi cha pili. Kijana wa Soweto West alikuwa anaongoza bao moja kwa bila, na mpinzani wake, kijana wa kwetu Sarang'ombe, hapa hapa Kibera, ndiye aliyekuwa na mpira. Stima haikuwa imepotea. Balbu ilikuwa inawaka na redio ya kinyozi jirani ilikuwa inaimba. Kompyuta peke yake ndiyo iliyokufa, na watu wote chumbani wakanigeukia mimi, mwenye chumba.

"Buda, umezima," akasema yule aliyekuwa anaongoza.

"Sijagusa kitu."

"Umezima juu umeona mtu wa mtaa wako anapigwa. Si ungetuambia tu tusikuje?"

"Rudisha doo ya kiingilio!" rafiki yake akadakia, akiwa tayari mlangoni. "Huyu mzee ni mwizi!"

Alilisema akiwa ameelekeza uso nje, kwenye njia. Kwetu hilo si tusi la kawaida. Ni neno ambalo mtu akilisikia huacha ugali kwenye sahani akatoka kutafuta jiwe. Wawili watatu walikuwa wameshasimama kuangalia. Nikapanda kwenye kizingiti, nikaahidi mbele ya wote kwamba fainali ingerudiwa Jumamosi inayofuata, kwenye kompyuta hiyo hiyo, na ikizimika tena ningemrudishia kila mtu kiingilio chake na kufunga chumba. Wakakubali. Yule wa mlangoni aliponipita alinigonga bega kidogo. "Tutakuja na mashahidi, mzee."

Chumba hicho cha gemu ndicho kinacholisha nyumba yangu tangu nilipoacha kazi ya mjengo. Kompyuta sikusomea. Nilijifunza kwa kufungua zilizokufa, na kwa video za simu nilizorudia mpaka nijue si jinsi ya kufanya tu, bali kwa nini.

Jumapili mke wangu alienda kanisani, mimi nikabaki na bisibisi. Kwanza nilifungua kufuli. Katika mtaa wetu kompyuta ya gemu hukaa ndani ya sanduku la nondo lililochomelewa, kama kuku, la sivyo haimalizi wiki. Majirani wameibiwa vipande kwa waya uliopenyezwa katikati ya nondo, kwa hiyo majuzi tu nilikuwa nimemlipa fundi wa kuchomelea azibe upande wa nyuma kwa bati, akiacha tundu la nyaya peke yake.

Niliitoa kompyuta, nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, nikafungua feni iliyokaa juu ya prosesa, ubongo wa mashine. Grisi ya katikati, ile inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali. Nikaifuta, nikatia mpya kiasi cha punje ya dengu. Kabla ya kufunga, nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu nikatia nukta nyekundu pembeni mwa prosesa. Niliwahi kuibiwa drili na mtu aliyeapa mbele ya mashahidi kwamba ni yake, na tangu siku hiyo kila kitu changu ninachokifungua hupata nukta. Mke wangu aliporudi alinikuta na kichupa mkononi.

"Baba watoto, sasa hata kompyuta inaenda harusi?"

Nikairudisha sandukuni, nikapiga kufuli, nikacheza mechi. Namba za joto zilipanda mbele ya macho yangu mpaka karibu digrii mia, na mashine ikazimika.

Vumbi halikuwepo, grisi ilikuwa mpya, feni ilikuwa inazunguka. Nilitaka kujaribu prosesa nyingine na sikuwa nayo. Jumatatu nikaibeba kompyuta hadi Kawangware, kwa fundi mwenye duka la kioo upande wa kuelekea Riruta. Kijana wa shati safi. Aliitazama kwa muda mfupi tu.

"Prosesa imeungua, mzee wangu. Niachie, rudi saa tisa."

Niliporudi ilikuwa wazi mezani pake, inacheza mpira. Nilisimama hapo mechi mbili nzima nikitazama joto. Halikufika themanini.

"Umeona? Mpya hiyo. Baridi kama maji ya mtungi."

Nikamlipa elfu nane na mia tano. Nikamwomba ile ya zamani.

"Ya nini? Takataka hiyo, nishatupa."

Jumanne, ndani ya sanduku lake, ilizimika kabla ya mechi ya kwanza kuisha. Nikampigia simu.

"Mzee wangu, huku kwangu iliwaka ama haikuwaka?"

"Iliwaka."

"Basi hiyo ni stima ya Kibera. Nyinyi mnaungaunga nyaya kama nguo kuukuu, halafu mnalaumu fundi."

Akakata. Nilipima stima yangu kwa mita, ikawa imetulia. Naijua hiyo *nyinyi*. Kitu kikiharibika kwa mtu wa Kibera, hakuna anayetafuta sababu. Sababu ni Kibera. Nikafungua kompyuta tena, nikatoa feni, nikafuta grisi yake.

Nukta nyekundu ilikuwa pale pale nilipoitia.

Nikaweka bisibisi chini.

"Umepata nini?" mke wangu akauliza.

"Nimeuziwa kitu changu mwenyewe."

Hasira ilipopungua kiasi cha kuniruhusu kufikiri, niliona kwamba wizi wake umenipa jibu. Kama prosesa ni ile ile, na ilicheza mechi mbili kule bila kuchemka, basi haikuwa na ugonjwa wowote. Nikajiuliza huku kuna nini ambacho mezani kwake hakikuwepo. Nikaifunga kompyuta, nikaiwasha ndani ya sanduku, nikanyoosha mkono nyuma. Bati lilikuwa la moto kama mfuniko wa sufuria. Hewa ya moto ilikuwa inatoka kwenye kompyuta, inagonga bati, inarudi ndani kuvutwa upya na feni, kama mtu aliyelala amejifunika blanketi gubigubi. Nilikuwa nimekagua kila kitu isipokuwa ukuta nilioujenga kwa pesa yangu.

Jumatano fundi wa kuchomelea alilikata bati, akaweka wavu wa waya mnene wa matundu madogo. Nikaisogeza kompyuta mbele kidogo ndani ya sanduku, nikacheza mechi moja baada ya nyingine. Ikakaa kwenye sabini na kitu, ikatulia hapo.

Alhamisi niliitoa prosesa, nikaitia kwenye kikopo, nikaenda Kawangware.

"Hii ndiyo mpya uliyoniuzia?"

"Hiyo hiyo, mzee wangu."

"Na hii nukta?"

Akaisogeza karibu na macho. "Alama ya kiwanda."

"Kiwanda kinatumia rangi ya kucha ya mke wangu?"

Mama anayechoma mahindi mlangoni akacheka kwa sauti. Fundi akashusha yake. "Sasa shida ni gani? Si iliwaka? Ulilipia kazi."

"Nililipia prosesa."

"Pesa imeisha. Nenda popote unapotaka."

Nje waendesha boda walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao bila abiria. Nilihitaji neno moja tu, na safari hii lingekuwa la kweli. Nikavuta pumzi. Nadhani aliliona mdomoni mwangu, maana macho yake yalikimbilia kwenye zile pikipiki, mkono ukaingia kwenye droo.

"Shika hii elfu mbili. Tafadhali, mzee wangu, usilete kelele."

"Na zingine?"

"Haki ya Mungu sina."

Nilikumbuka sauti ile ilivyotoka kwenye mlango wangu mwenyewe, na wale waliosimama kuangalia. Nikazichukua elfu mbili na prosesa yangu, nikafunga mdomo. Msamaha sikumpa, na mpaka leo sijampa. Kila mtu ninayemjua mwenye kompyuta nimemwonyesha picha ya nukta ile na kumweleza duka liko wapi.

Jumamosi walikuja na mashahidi kweli, wakajaza chumba mpaka jasho likatutiririka. Mechi ilichezwa hadi filimbi ya mwisho. Soweto West wakashinda mbili kwa moja.

"Buda, leo hujazima," mshindi akasema.

"Hata ile siku sikuzima."

"Sawa basi, imeisha. Lakini hiyo cage yako na wavu wake sasa ni ya kuku kabisa!"

Wakacheka, wakatoka. Aliyeniita mwizi alikuwa miongoni mwao, na alikuwa akinidai zamu ya bure. Hakuna aliyesema pole. Nilifagia, nikapiga kufuli, nikapiga hesabu: fundi wa Kawangware alibaki na elfu sita na mia tano, wavu na kuchomelea mia sita. Hasara yangu, shilingi elfu saba na mia moja.