Ngozi ya Jicho na Mkeka wa Bibi

Juzi hapa Kisarawe daktari Mzungu alikuwa akipima unene wa ngozi angavu ya mbele ya jicho, na aliwataka wenye macho mazima tu. Bibi mmoja muuza mihogo akaweka kidevu kwenye chombo. Daktari akapima katikati, akapima pembeni, akarudia. Mimi karani nilitafsiri.

"Katikati ni nyembamba, bibi. Pembeni ni nene."

"Kama mkeka wangu. Tunakalia katikati. Basi jicho limechakaa?"

"La, hata la mtoto mchanga liko hivyo."

Bibi akajifunga kanga, hakuamini. "Huyo atakuwa alianza kuchungulia tangu tumboni."

Nilirudi ofisini nikaitazama suruali yangu, pale ninapokalia. Kwa jicho sijui, lakini kwa suruali ya karani bibi hakukosea.