Alisoma Koleji, Msimwongezee Chuo Kikuu

Nilikuwa nimesimamisha gari kwenye robot, zile taa za barabarani, pale Kensington simu iliponiletea habari kwamba mwalimu wetu amefariki. Wengi mnaonisoma hapa Johannesburg mlimfahamu: yule mama Mkenya mrefu, mwenye kicheko cha kushtua watu, aliyefundisha walimu wa kreshi za watoto wadogo katika koleji moja ya katikati ya jiji. Figo zilimsumbua kwa muda mrefu, na bado alikuwa akiingia darasani. Nililia pale pale, walio nyuma wakinipigia honi. Lakini leo siandiki kwa machozi. Naandika kwa hasira, kwa sababu ya yaliyotokea mazishini, na sioni kwa nini niifiche.

Nianze mbali kidogo. Siku moja tulikuwa tumekusanyika nyumbani kwa Mkenya mwenzetu anayefanya kazi benki, tukila nyama. Mwenye nyumba akatueleza kwamba binti yake wa miaka kumi na sita anahamia Uingereza kwa shangazi yake, ila shangazi amemwandikisha koleji. “Mtoto hajamaliza sekondari, koleji anaenda kufanya nini?” akalalamika. Mgeni mmoja akacheka, akasema wake pia yuko koleji, hapa hapa mjini, na bado anavaa kaptula. Shule yake ya ghali ndivyo inavyojiita. Mama mmoja Mkongo, mwenye kreshi kule Joubert Park, akaongeza kwamba kwao *collège* ni sekondari ya mapadri. Kila mtu akawa na koleji yake.

Mwalimu wetu, aliyekuwa nasi siku hiyo, akaweka sahani chini. “Kule Uingereza,” akasema, “mtoto akifika miaka hiyo anaweza kubaki shuleni miaka miwili zaidi, au aende koleji. Shuleni kuna kengele, na mara nyingi sare. Koleji unavaa nguo zako, mwalimu unamwita kwa jina lake, na jirani yako darasani anaweza kuwa mama wa watoto watatu. Huyu anafanya A-level aende chuo kikuu, yule anajifunza umeme, mwingine malezi. Wote mlango mmoja.”

“Na chuo kikuu?” akauliza mwenye nyumba.

“Chuo kikuu ndicho chenye digrii zake. Koleji nyingine hufundisha digrii pia, lakini mara nyingi cheti hutoka chuo kikuu fulani. Halafu kuna vyuo vikuu vya kale ambavyo vyenyewe vimegawanyika kuwa koleji. Huko koleji ni kama nyumba yako, unalala, unakula na kufundishwa humo. Na zipo shule za matajiri zinazojiita koleji, kama hiyo ya kaptula.”

“Kwa hivyo msichana wangu anapelekwa ile ya walioanguka,” akasema baba mtu.

“Anapelekwa ile niliyosoma mimi.”

Ndipo alipotueleza kwamba nyumbani Kenya alifeli sekondari, akaenda Uingereza kulea watoto wa ndugu yake, akapiga deki hospitalini, na akiwa mtu mzima akajiandikisha koleji kusomea malezi, akikaa na vijana waliomwita bibi kwa utani. Kisha akaja huku kufundisha; chuo kikuu hakukanyaga. “Na sikujificha,” akasema. Binti yule alikwenda. Leo ni fundi wa kufunga lifti huko huko Uingereza, na baba yake ndiye wa kwanza kutuonyesha picha.

Sasa njooni kanisani. Mwenyekiti wa kamati ya mazishi akasimama kusoma wasifu, na kwa sauti nzito akatangaza kwamba marehemu “alihitimu shahada ya elimu katika chuo kikuu mashuhuri cha Uingereza.” Kabla hajavuka sentensi ile, yule mama Mkongo akasimama.

“Papa, simama kidogo. Ile si ya kweli. Mama hakusomaka univasiti. Alisomaka koleji.”

“Mama, tafadhali keti. Tunamheshimu marehemu.”

“Uyu mama munasoma hapo, miye simujue.”

Wanawake wengine wakasimama naye, wenye kreshi kutoka Diepsloot na Joubert Park, wote wanafunzi wake. Mwenyekiti akatazama familia, akitarajia kuokolewa. Binti mkubwa wa marehemu, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili hukielewa zaidi kuliko anavyokisema, akaenda hadi mimbarini. “Mama alisoma koleji,” akasema. “Soma hivyo.”

Akasoma hivyo, na wanawake wale wakapiga vigelegele kanisa likatikisika. Baadaye mwenyekiti aliniambia, “Eish, tulitaka tu aonekane mtu mkubwa.” Nikamuuliza alikuwa mdogo lini.

Tumekuja na ugonjwa huu toka makwetu. Mtoto wa chuo kikuu tunamtangaza ibadani, wa koleji tunamzungumzia jikoni. Mwalimu aliniambia hata Waingereza hubishana sana juu ya shule na vyuo vikuu, na koleji wakaisahau katikati. Lakini asubuhi, tunapokimbilia ofisini, watoto wetu tunawaacha kwa wanawake aliowafundisha yeye, nasi tunafanya kazi kwa amani. Hiyo ndiyo heshima tuliyotaka kuifuta ili wageni wavutiwe.

Mtu akifa hawezi tena kujisahihisha. Kwa hiyo mkisikia marehemu wenu anapambwa kwa maisha ya mtu mwingine, simameni, hata ibada ichelewe, mseme alikuwa nani.