Salamu Kwanza

Kila Jumamosi Yasinta humkuta jirani yake, muuguzi, kwenye masanduku ya barua ya fleti zao hapo Garland, akitafuta bahasha yenye mwandiko wake mwenyewe. Muuguzi huwatumia wachezaji wa besiboli kadi zenye picha zao wazitie sahihi, pamoja na bahasha ya kurudishia aliyoiandikia anwani yake. Ila barua zake hutanguliza salamu ukurasa mzima: goti linaendeleaje, mama hajambo?

"Dada, watu wa huku hawana muda huo," Yasinta humwambia.

Leo bahasha imerudi kutoka Houston. Muuguzi anaichana papo hapo. Kadi haina sahihi. Muuguzi anaigeuza barua yake iliyorudishwa pamoja na kadi; nyuma mchezaji ameandika: "Mama alifariki Machi. Asante kwa kumuulizia."

Kadi inamponyoka, wala haiokoti.

"Una kalamu hapo?" muuguzi anamuuliza Yasinta. "Nimwandikie pole."