Unga Ulioungua

Jirani ameunguza unga wa pombe leo, na harufu yake imenirudisha Tororo, uani kwetu, enzi za Waingereza.

Mama alikuwa akikaanga unga uliochacha juu ya bati, akiugeuza kwa koleo tangu alfajiri. Kando yake alikaa Mwingereza ambaye Mama alikuwa akimfulia nguo, mtunzi wa riwaya za kuipinga serikali yake mwenyewe. Alimsomea, kwa Kiswahili cha kujikokota, sura aliyoiandika: mwanamke anatupa jembe katikati ya pamba, anakwenda bomani na kumkaripia DC mbele ya umati.

"Huyu ni wewe," akamwambia.

Mama alipangusa jasho. "Mimi? Huyo mama nakwenda boma, sawa. Sasa nani nabaki nakaanga?"

Yule bwana akaweka karatasi chini, akavua koti, akaomba koleo. Moshi ukamtoa machozi. Mama aliegemea ukuta amsimamie, usingizi ukamchukua hapo hapo. Sikuwahi kumwona amelala mchana.

Unga ukaanza kuungua. Mimi na Mwingereza tukatazamana, na hakuna aliyemwamsha.